Televisheni ya Plasma na Ila Zake

Wahenga walisema kuwa kizuri hakikosi ila. Aghalabu methali hii hutajwa ili kumfariji mtu aliyeona doa katika kitu akipendacho, kisha huachwa hapo kana kwamba kazi yake imekwisha. Lakini ina maana ya pili isiyotajwa sana, nayo ni kuwa ila ya kitu kizuri mara nyingi haitoki mbali. Hutoka mle mle ulimotoka uzuri wake. Moto uivishao chakula ndio uunguzao nyumba, na mvua ioteshayo mpunga ndiyo iozeshayo mavuno. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kupima kasoro za chombo chochote kwa haki hana budi kuanza na wema wake, kisha aufuate wema huo hatua kwa hatua mpaka mahali unapogeuka kuwa hasara.

Chombo kimoja kifaacho kwa upimaji wa namna hii ni televisheni ya plasma. Ilipendwa, ikasifiwa, ikashutumiwa, na sasa haitengenezwi tena na makampuni makubwa yaliyoieneza. Walakini bado imo katika nyumba nyingi, na bado hupita kutoka mkono hadi mkono kama mtumba au zawadi. Mashtaka yake yanajulikana. Ilikula umeme mwingi, ilitoa joto, ilikuwa nzito, ilishindwa na mwanga wa mchana, na ilishika alama za picha zilizokaa sana juu ya kioo chake. Mashtaka yote haya ni ya kweli. Lakini ukweli wa shtaka ni kitu kimoja, na uzito wake ni kitu kingine. Uzito wa shtaka hutegemea nyumba ambamo chombo kimewekwa, watu walioketi mbele yake, na mkono unaolipa gharama.

Asili ya plasma haikuwa burudani. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Donald Bitzer na Gene Slottow, pamoja na mwanafunzi Robert Willson, walikuwa wakitafuta kioo kifaacho kwa mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Televisheni za siku zile, ambazo mitaani huitwa za chogo kwa sababu ya kisogo chake kilichotokeza nyuma, zilisahau picha mara baada ya kuichora. Ilibidi picha ichorwe upya tena na tena katika kila sekunde, na kumbukumbu ya kompyuta ya kufanya kazi hiyo ilikuwa ghali. Kioo cha plasma kilikuwa na fadhila ya kukumbuka: nukta iliyowashwa ilidumu kuwaka mpaka izimwe. Rangi yake ilikuwa moja tu, ya machungwa, lakini kwa maandishi na michoro ya darasani ilitosha. Basi chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya kushika picha, na miaka mingi baadaye kikashtakiwa kwa kosa la kushika picha. Namna za kushika huko ni mbili na hazifanani, lakini jina ni moja, na mfano ni wa kukumbukwa.

Safari ya kutoka darasani hadi sebuleni ilichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 1997 televisheni za plasma za inchi 42 ziliuzwa Marekani kwa karibu dola 15,000, bei ambayo mtu angeweza kununulia gari. Bei ikashuka mwaka hata mwaka na vioo vikazidi kupanuka, hata mwaka 2008 Panasonic ilionyesha kioo kimoja cha inchi 150. Pioneer ilitengeneza plasma zilizoitwa Kuro, neno la Kijapani lenye maana ya weusi, nazo zilisifiwa sana na wapenzi wa sinema; lakini mwaka 2009 kampuni hiyo ilitangaza kuwa inaacha biashara ya televisheni. Panasonic ilikomesha utengenezaji wa plasma Desemba 2013, Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Umri wa plasma sebuleni, tangu kuingia kwake hadi kuachwa, haukuzidi sana miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku ilipofika dukani alikuwa bado hajamaliza shule ya sekondari ilipoondolewa.

Kioo cha plasma ni bamba mbili za kioo zilizobanwa pamoja, na katikati yake mna vijumba vidogo mno. Kioo cha daraja la juu kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na kila nukta ina vijumba vitatu: kimoja cha nyekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha buluu. Jumla ya vijumba hivyo ni zaidi ya milioni 6. Kila kimoja kimejazwa gesi, hasa neoni na zenoni, na kuta zake zimepakwa unga unaong'aa. Umeme upitapo, gesi hugeuka kuwa plasma na kutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo huupiga ule unga, na unga hutoa mwanga wa rangi yake. Ni ndugu wa taa za mrija zilizozoeleka madarasani, ila hapa taa ni mamilioni, na kila moja ni ndogo kuliko punje ya mtama.

Katika maelezo hayo mna jambo moja ambalo ndilo mzizi wa kila sifa na kila ila: kila kijumba hujiwashia taa yake. Televisheni za LCD hazifanyi hivyo. Katika hizo, taa iko nyuma, na vijumba vya mbele ni kama mapazia madogo yanayofunguka na kufunga. Pazia hata likifungwa sana halikosi mwanya, na ndiyo sababu usiku katika LCD nyingi za zamani ulikuwa kijivu badala ya kuwa mweusi. Plasma ilipotaka giza ilipunguza mwanga wa kijumba chenyewe mpaka ukakaribia kutoweka, na usiku ukawa usiku. Tena picha yake ilionekana karibu sawasawa kwa aliyekaa mbele na kwa aliyekaa upande, ilhali LCD za miaka ile zilipauka mara mtazamaji aliposogea pembeni. Na mpira uliopigwa kwa nguvu ulipita kiwanjani bila kuacha mkia mrefu wa ukungu. Hizo ndizo fadhila. Sasa zifuatwe mpaka mwisho wake.

Mfano wa nyumba moja ya Tanga watosha. Mwenye nyumba alikuwa mstaafu, mtu wa makamo yaliyokwisha kupita, mwenye sebule ya madirisha mapana na mlango usiofungwa mchana. Mwaka 2016 mpwa wake aliyeishi Ulaya alinunua televisheni mpya, na ile ya zamani, plasma ya inchi 50, akaipakia katika kontena kumpelekea mjomba. Ilifika salama, jambo la bahati, maana vioo vya namna hiyo huhimizwa visafirishwe wima, na kontena haina adabu hiyo sikuzote. Uzito wake ulikuwa zaidi ya kilo 30. Vijana wanne waliibeba kutoka garini. Ukuta wa sebule ulikuwa wa zamani na haukuaminika kubeba chuma cha kuitundikia, kwa hiyo ikawekwa juu ya meza ya mninga iliyokuwa ya kulia chakula. Familia ikahamia mkekani kula. Hiyo ilikuwa gharama ya kwanza, na hakuna aliyeihesabu kwa sababu haikuwa ya fedha.

Gharama ya pili ilionekana usiku wa kwanza. Katika pembe ya juu ya kioo, juu ya taarifa ya habari ya Kiswahili, palionekana kivuli hafifu cha nembo ya stesheni ya kigeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kule ilikotoka televisheni ilikuwa ikiachwa kwenye stesheni moja mchana kutwa, na nembo ile ile ilikaa mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Unga unaong'aa huchakaa kwa kadiri unavyotumiwa. Vijumba vilivyoiwasha nembo ile vilifanya kazi zaidi ya jirani zao, vikazeeka kabla yao, na uzee wao ukabaki kuwa maandishi. Hapa ndipo wema ulipogeuka. Kwa kuwa kila kijumba hujiwashia taa yake, kila kijumba pia huzeeka peke yake. Katika LCD taa ya nyuma ni ya wote, na ikichoka huwachosha wote pamoja. Katika plasma uchovu una anwani.

Yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Upo mzuka wa picha wa muda, unaobaki dakika kadhaa baada ya picha iliyotulia kuondoka, nao hufutika wenyewe picha nyingine zikipita. Na uko uchakavu wa kudumu, usiofutika. Wa kwanza ni kama alama ya mkeka katika shavu la mtu aliyelala. Wa pili ni kovu. Plasma mpya katika saa zake za mwanzo ilikuwa rahisi zaidi kupata madhara, na zile za miaka ya mwisho zilistahimili vizuri kuliko za awali. Watengenezaji walifika hata kutangaza saa 100,000 kabla mwanga haujapungua kufikia nusu, muda ambao kwa matumizi ya saa 5 kwa siku ni zaidi ya miaka 50. Lakini hesabu hiyo ni ya kioo kinachotumiwa kwa usawa, na hakuna nyumba inayotazama kwa usawa. Nyumba ina stesheni iipendayo, na stesheni ina nembo, utepe wa habari chini, na saa pembeni. Na siku za mpira kuna kisanduku cha matokeo kisichotoka mahali pake kwa dakika 90. Plasma huandika mazoea ya nyumba. Mtu aliyesema kuwa hatazami kitu kimoja tu angeweza kukanushwa na kioo chake mwenyewe.

Mwanga wa mchana ulileta shauri la tatu. Pwani hujengwa nyumba za kupitisha upepo, na panapopita upepo hupita jua. Kioo cha mbele cha plasma hung'aa kama maji yaliyotulia. Saa nane mchana watazamaji wa Tanga waliuona mlango wao, mwembe wa uani, na nyuso zao wenyewe, kisha nyuma ya hayo wakaona picha. Plasma haikuweza kujibu kwa kuongeza mwanga. Kila kijumba kinachowaka hudai umeme wake, na mashine imewekewa mpaka wa nguvu. Kwa hiyo weupe ukienea kioo chote, kila sehemu hupunguziwa fungu lake, kama chungu kimoja cha wali kilichofikiwa na wageni wengi. Uwanja wenye jua kali au mlima wenye theluji ulionekana umefifia kuliko mshumaa mmoja katika chumba cha giza. Kufunga madirisha kungeondoa mng'ao, lakini kungefukuza upepo.

Na upepo haukuweza kufukuzwa, kwa maana televisheni yenyewe ilikuwa jiko. Umeme wote unaoingia katika chombo cha namna hii hatimaye huishia kuwa joto ndani ya chumba. Katika Ulaya ya Januari joto hilo halimkeri mtu. Pengine hupunguza kazi ya kupasha nyumba moto. Katika Tanga ya Februari hudai feni, na feni hudai umeme zaidi. Hivyo ila moja ilizaa ya pili, na hasara iliyokuwa ndogo mahali ilipotoka ikakua njiani.

Aliyeijua hesabu ya hasara hiyo alikuwa mke wa mwenye nyumba, maana yeye ndiye aliyenunua umeme. Mita ya LUKU haimwachi mtu akajidanganya, kwa kuwa hulipwa kabla, na tarakimu zake hushuka mbele ya macho. Plasma ya inchi 50 ya miaka ile yaweza kutumia wastani wa wati 300. Kwa saa 5 kila siku hiyo ni uniti moja na nusu, na kwa mwezi ni uniti 45. Nyumba ile, kwa friji, taa na feni, ilikuwa ikitumia uniti 50. Kwa bei za Tanzania Bara zilizoanza mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo ililipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 za mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ililipiwa shilingi 350. Kabla ya plasma, basi, umeme wa mwezi uligharimu shilingi 5,000 bila kodi. Baada ya plasma uniti zilifika 95: 75 kwa bei nafuu na 20 kwa bei kubwa, jumla yake shilingi 14,500. Chombo ambacho hakikuongeza matumizi hata mara mbili kiliongeza malipo karibu mara tatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini bibi yule alikuwa na daftari.

"Bwana," alimwambia mumewe siku moja, kwa upole, "mgeni wetu huyu anakula kuliko friji, na wala hatuhifadhii samaki."

Mzee hakuwa na jibu la hesabu. Alikuwa na malalamiko yake mwenyewe ya namna nyingine. Kwa miaka mingi alikuwa na desturi ya kusikiliza redio ya masafa mafupi wakati wa magharibi. Tangu plasma ilipoingia, redio ilinguruma kila ilipowashwa televisheni, maana mapigo ya umeme yanayowasha vijumba hutoa mawimbi yanayochafua masafa ya kati na masafa mafupi. Jambo hilo lilijulikana sana miongoni mwa wapenzi wa redio. Mtu wa stesheni za FM peke yake pengine asingelitambua, lakini kwa mzee yule lilikuwa kama mgeni anayezungumza wakati mwenyeji anasali. Ikabidi achague kati ya sauti na picha, na mara nyingi wajukuu walimchagulia.

Ila moja haikufika Tanga. Gesi ndani ya kioo cha plasma ina mgandamizo mdogo kuliko hewa ya kando ya bahari, na tofauti hiyo huzibana bamba mbili pamoja. Nyanda za juu hewa ni nyepesi, tofauti hupungua, na kioo huweza kuanza kuvuma kama nyuki. Mtu wa Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, alikuwa na sababu ya kuuliza habari hiyo kabla ya kununua. Mtu wa Tanga hakuwa nayo. Hii ni hoja ndogo, lakini yaonyesha wazi kuwa orodha moja ya kasoro haiwezi kuwa hukumu kwa nyumba zote.

Baada ya mashtaka yote hayo, ingedhaniwa kuwa shauri limekwisha. Halikwisha, kwa sababu ya jioni za Jumamosi. Sebule ile haikuwa ya watu wanne wanaokaa mkabala wa kioo katika makochi, kama zionyeshwavyo sebule katika matangazo ya biashara. Ilikuwa na wazee kwenye viti, wanawake mkekani upande wa ukuta, vijana dirishani, na watoto chini kabisa karibu na meza. Katika televisheni ya LCD waliyokuwa nayo zamani, wa pembeni walipata picha iliyopauka, na wa chini kabisa waliona rangi zilizogeuka. Mahali pazuri palikuwa pamoja tu, na hapo alikaa mwenye nyumba. Plasma ilimpa mtoto wa chini na kijana wa dirishani picha ile ile aliyopewa mzee wa kitini. Giza lilikuwa limeingia, mng'ao wa mlango umeondoka, na weusi wa picha ukawa weusi kweli. Zile ila za mchana zilipumzika saa ile ile fadhila zilipoamka.

Mizani ilikuwa na vitu viwili visivyopimwa kwa jiwe moja. Upande mmoja kulikuwa na shilingi 9,500 zaidi za kila mwezi kutoka katika pensheni ndogo. Upande wa pili kulikuwa na usawa wa kuona. Tena faida ilikuwa ya jirani wote, na malipo yalikuwa ya mkoba mmoja. Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Wajuzi wa televisheni huandika faida na hasara za chombo kana kwamba anayefaidi na anayelipa ni mtu yule yule. Katika nyumba nyingi sivyo. Anayesifu picha siye aliyesimama mbele ya mita, na anayesema umeme ni ghali mara nyingine ndiye asiyepata nafasi ya kuketi kutazama, kwa kuwa yuko jikoni.

Suluhu waliyoifikia ilitoka katika daftari la bibi. Televisheni ndogo ya LED, ya wati 30, ilinunuliwa kwa habari na vipindi vya kila siku. Kwa saa 5 haikufikia uniti 5 kwa mwezi. Plasma ikaachiwa usiku 8 katika mwezi, saa 3 kila usiku, ambazo ni uniti 7 na kidogo. Jumla ya vyote viwili ilikuwa karibu 12, na nyumba ikarudi chini ya mpaka wa uniti 75. Vijana wa dirishani, walipoelezwa hesabu, walianza kuchanga siku za mechi kubwa, na mmoja wao akawa msomaji wa zile tarakimu 20 za LUKU wakati mwenzake akizibonyeza. Mzee alipata magharibi zake za redio. Kivuli cha nembo ya kigeni kilibaki mahali pake, lakini kwa kuwa sasa kioo kilitumiwa kwa mambo mbalimbali na kwa saa chache, hakikupata mwenzake.

Hata hivyo, suluhu hiyo isisomwe kama ushauri wa kununua plasma leo. Kuna ila moja ya mwisho ambayo haikuwa ya chombo kilipozaliwa, bali ilikijia kwa kuachwa. Kioo kikipasuka, hakuna kioo kipya cha kutafuta. Fundi hutegemea kioo cha televisheni nyingine iliyokufa. Umeme unaokatika na kurudi kwa ghafla huweza kuua vifaa vya ndani kabla unga wa kioo haujazeeka, na zile saa 100,000 zilizotangazwa hazimsaidii mtu aliye na mwanga mzima ndani ya sanduku lisilowaka. Tena plasma nyingi za zamani zina risasi katika kiungio cha vioo vyake. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulikataza kuingiza taka za hatari barani Afrika, lakini zawadi ya mpwa kwa mjomba si taka inapofika bandarini. Huwa taka baadaye, kimya kimya, nyuma ya nyumba, na kazi ya kuzika kilichochoka Ulaya humwangukia mtu aliyekipokea kwa shukrani. Mpwa hakukusudia ubaya. Alitoa alichokipenda. Lakini mpaji wa chombo cha umeme hutoa pamoja nacho chakula chake cha kila siku na mazishi yake, na ni haki mpokeaji aulizwe kama anavimudu.

Inafaa pia kukumbuka mahali plasma iliposhindwa. Dukani, chini ya taa kali, LCD iliyong'arishwa kupita kiasi ilimvuta mteja, na plasma iliyosimama kando yake ilionekana mgonjwa. Jimbo la California liliweka mwaka 2009 kanuni za kupunguza umeme wa televisheni, zikaanza kazi mwaka 2011, na mashine yenye taa mamilioni ilikuwa na kazi ngumu kuzitimiza. Nukta zilipotakiwa ziongezeke mara nne ili picha iwe kali zaidi, vijumba vilihitaji kuwa vidogo zaidi, na kijumba kidogo hutoa mwanga mdogo. Ilishindwa, basi, kwa mambo ya kweli, lakini si yote yaliyokuwa mambo ya sebuleni. Mteja alihukumu kwa taa za duka, akaenda kuishi na hukumu yake katika giza la nyumbani.

Na mshindi wa leo yuko katika shule ile ile. Televisheni za OLED, zinazosifiwa sasa kwa weusi wake, nazo zina nukta zinazojiwashia mwanga kila moja, na pamoja na sifa ile limerudi shtaka lile lile la nembo zinazobaki juu ya kioo. Mafundi wameweka njia nyingi za kupunguza uchakavu huo, na wamefaulu kwa kiasi kikubwa. Lakini kanuni haikubadilika. Kinachojiwakia chenyewe hujichakaza chenyewe.

Kwa hiyo anayepima chombo cha nyumbani asitosheke na kuuliza kina ila ngapi, maana jibu litakuwa kubwa kwa kila kitu kilicho na maana. Aulize ni wema upi unaozaa ila hizo, na kama nyumba yake inauhitaji wema huo hata ikubali watoto wake. Aulize jua huingia saa ngapi na jirani huja saa ngapi. Na kabla ya yote hayo amwite mtu anayejua mita inasema nini, amketishe mahali pazuri pa kutazamia, kisha amsikilize.